Soma Kwanza, Mbinu Baadaye

Mwulize mtu aliyefanya mtihani wa fasihi Kidato cha Nne akutajie tamathali za semi. Tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, tafsida: atazimwaga zote bila kumeza mate. Kisha mwulize ni riwaya gani iliyomfanya asahau kuepua sufuria jikoni. Hapo ataanza kukuna kichwa. Shule ilitufundisha kuzisaka mbinu za mwandishi kabla hatujaionja hadithi yenyewe, na wengi wetu tulipomaliza tuliviacha vitabu hukohuko pamoja na sare.

Njia inayofaa ni kinyume cha hiyo. Anza na kile ulichohisi, ndipo umtafute mwandishi mahali palepale ulipohisi.

Usomaji wa kwanza uwe wa starehe. Shika penseli ukipenda, lakini kazi yake iwe moja tu: ukifika mahali ulipocheka, ulipoudhika, au ulipofunua ukurasa unaofuata ilhali macho yamelemea usingizi, weka nukta ndogo pambizoni uendelee. Usiandike neno lolote. (Kitabu cha kuazima, chomeka kipande cha karatasi, mwenye mali asije akanuna.) Na kitabu kikikuchosha, kiweke chini uchukue kingine. Hakuna mwalimu anayekusubiri.

Ukimaliza, usikirudie kitabu kizima. Rudia nukta zako, na kwa kila moja jiulize: hapa mimi nilikuwa najua nini, na mhusika alikuwa anajua nini?

Chukua Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Kijakazi anamtumikia Fuad kwa moyo wake wote, na Fuad anamlipa kwa matusi na dharau. Msomaji anawaka. Ukirudi kwenye nukta yako kutafuta hasira ile ilikotoka, utaona kwamba haikuletwa na hotuba yoyote. Imeletwa na pengo: wewe unaiona dhuluma, Kijakazi anamwona bwana wake tu. Kinaya tulichokikariri darasani kwa tafsiri ya mstari mmoja ndicho hiki, nacho kinafanya kazi kwa sababu mwandishi amekupa wewe ujuzi aliomnyima mhusika. Wazia Kijakazi angeyajua yote tangu mwanzo. Ungemhurumia, naam, lakini usingetamani kuingia kitabuni umtikise mabega. Kwangu mimi, riwaya hiyo ina nguvu zaidi katika kurasa hizo kuliko pale siasa inapojisemea waziwazi.

Katika hadithi za upelelezi mambo hugeuka: kuna mtu anayejua kuliko wewe. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, Bwana Ali anakutwa amekufa, na mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake akiyapima mambo. Anaona tusiyoyaona, nasi tumebaki upande mmoja na rafiki yake Najum, tukibabaika. Taharuki yote imo humo. Riwaya ya namna hii ni nzuri mno kwa mazoezi, kwa kuwa inasomeka mara ya pili kama kitabu kingine. Sasa unamjua mkosaji. Basi acha kumfuata yeye, mfuate mwandishi: alikuonyesha nini wakati alipotaka usitazame kwingine?

Majina nayo hayataki kupitwa haraka. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa anaitwa Karama, kwa hiyo hukumu umeshaipata kabla kesi haijaanza. Wapo wanaoona huo ni wepesi. Mimi naona alijua alichokifanya: hakutaka tubahatishe nani mwema, alitaka tusikilize hoja. Euphrase Kezilahabi, miaka 20 baadaye, alilichukua jina akalipindua katika riwaya yake Rosa Mistika. Jina hilo ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, naye akampa binti wa Ukerewe, kisha akayaacha maisha yamtendee yale yanayomtendea. Jina halikwambii nini cha kutarajia; linakuuma kadiri unavyosonga mbele.

Sasa shika kalamu. Chagua aya moja uliyoiwekea nukta uiandike upya kwa nafsi nyingine. Siku Njema ya Ken Walibora, kwa mfano, inasimuliwa na Kongowea mwenyewe, kijana anayefunga safari kumtafuta baba yake. Badili "mimi" iwe "yeye", mistari sita inatosha. Utasikia papo hapo kitu kikipoa: ule wasiwasi wa mtu asiyejua kesho yake umegeuka habari za mtu mwingine. Hapo utakuwa umejifunza suala la msimulizi kwa mkono wako, na hutalisahau.

Ushairi nao usomwe kwa sauti. Utenzi wenye mizani nane kila kipande, kama ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ulitungwa ufike masikioni. Ukisomwa kimyakimya nusu ya ustadi wake inapotea.

Na kama nyumbani kwako yupo kijana anayehangaika na riwaya ya mtihani, umfanyie hisani moja. Chukua ule mwongozo ulionunuliwa kabla ya kitabu chenyewe, uufungie kabatini, umrudishie siku atakapofika ukurasa wa mwisho.