Darsa ya Ramadhani, siku ya 11: Sufuria moja, watu sita



Ndugu zangu, leo naiweka pembeni mada ya yanayofunguza, tutairudia kesho inshaAllah. Leo naingia jikoni. Wiki hii wamenijia watu watatu kwa nyakati tofauti, na jambo lao ni moja: futari imewashinda. Mmoja ameshaandikwa kwenye daftari la dukani, mwezi haujafika hata nusu, na anajua mshahara ukitoka wote unaishia kwa mwenye duka. Tena Idi iko mbele na watoto wanataka nguo.

Tuanze na deni lenyewe. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah dhidi ya deni, na akiomba ndani ya swala. Alipoulizwa mbona anaomba sana kinga hiyo, akaeleza kwamba mtu akidaiwa husema uongo, na huahidi asitimize. Sasa angalia: mtu amefunga, ulimi ameuzuia na uongo mchana kutwa, halafu jioni anamwambia mwenye duka "kesho nakuletea" naye anajua kesho hana. Na deni lenyewe ni la mafuta ya kukaangia sambusa!

Sina ugomvi na sambusa. Aliyejaaliwa na ale, alhamdulillahi. Nasema tu kwamba futari haina sharti la sambusa, wala la katlesi, wala la meza ya vyakula tisa. Sunna tuliyopokea kwa Anas (r.a.) ni tende mbivu laini, zikikosekana tende kavu, zikikosekana mafunda ya maji. Basi. Na Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba ulikuwa ukiandama mwezi, kisha mwezi mwingine, na katika nyumba za Mtume haujawashwa moto wa kupikia. Walikuwa wakila tende na maji. Nyumba ile haikupungukiwa heshima kwa hilo.

Haya, tuje kwenye chungu. Ramadhani za miaka hii zimeangukia kaskazi, na joto la Tanga mnalijua wenyewe. Mtu aliyeshinda na kiu akianza na vya mafuta na sukari nyingi, tarawehe anaiswali kwa tabu, au haji kabisa. Mwili unataka maji kwanza, halafu chakula chepesi chenye nguvu. Na kwa bahati njema, vyakula vya namna hiyo ndivyo vya bei nafuu.

Chukua kunde kavu nusu kilo. Zichambue, ziloweke usiku baada ya daku, mchana zimeshavimba. Nusu kilo ikiiva inakuwa zaidi ya kilo moja, inatosha watu sita pamoja na muhogo. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, na hapo ndipo pesa inapojificha, maana wengi tunahesabu bei ya kunde na kusahau bei ya mkaa. Maji ya kulowekea yamwage, weka mapya, funika sufuria, usifunuefunue. Zikilainika, kuna nazi moja. Tui zito liweke pembeni, tui jepesi la pili lipikie kunde pamoja na kitunguu, nyanya mbili, kitunguu saumu, bizari kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa. Tui zito linaingia mwisho, likoroge mpaka lichemke, kisha epua. Chumvi nayo mwisho. Ukikamulia ndimu mezani utaona ladha inavyoamka; ndimu inafanya kazi ambayo watu wanadhani ni ya chumvi, na chumvi ndiyo inayotuletea kiu kesho yake.

Sasa sikilizeni hili, ni muhimu kwa joto hili. Chakula cha nazi kinachacha upesi. Kama kunde zinabaki kwa ajili ya daku, zitoe kabla hujatia tui, zikiwa zimechemshwa tu. Wakati wa daku ziunge kwa kitunguu na nyanya, zichemke kweli, si kupashwa vuguvugu. Wali wa futari nao usiachwe sufuriani usiku kucha kwenye joto. Unaweza kunuka vizuri tu na bado ukamwangusha mtu tumbo. Asiye na friji apike wa kuliwa uishe.

Choroko ni rahisi kuliko kunde. Hizi ukizichemsha robo saa, sufuria ukaifunika, ukaiviringisha ndani ya blanketi na kuiweka kwenye kapu au boksi, zinaendelea kuiva zenyewe kwa moto wake mpaka unarudi kutoka Asr. Mkaa umeokoka na jiko halikutii joto ndani ya nyumba. Ila maharage mekundu msiyafanyie hivyo moja kwa moja: lazima kwanza yaloweke, halafu yachemke kwa nguvu, si chini ya dakika 10, ndipo yafungwe. Yasipochemka sawasawa yanaumiza tumbo.

Kitoweo? Dagaa. Wakate vichwa, wasafishe kwa maji ya vuguvugu, wakaushe, kisha wakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka watoe harufu nzuri. Hapo tia kijiko cha mafuta, kitunguu kingi, nyanya, na ndimu. Kaangiza haraka. Fungu moja la mchicha pembeni, kachumbari ya kitunguu na nyanya, ugali. Watoto wanaosema hawali dagaa, mara nyingi dagaa wao hawakuoshwa vizuri.

Cha kinywaji sina maneno mengi. Ngumi moja ya ukwaju, iloweke, ivuruge kwa mkono, chuja, sukari kidogo, weka kwenye mtungi. Soda ya nini?

Tukirudi kwenye mchuzi, liko jambo ambalo Bwana Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.): akipika mchuzi azidishe maji, awaangalie majirani zake. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim. Hebu ifikirieni kama watu wa jikoni. Hakumwambia azidishe nyama. Nyama inataka pesa, na Abu Dharr hakuwa tajiri. Alimwambia azidishe kile ambacho kila mtu anacho. Kwa hiyo kunde zikiwa nzito sana, tia kikombe cha maji ya moto, onja tena ndimu yako, na bakuli moja limetoka hapo kwa jirani. Sisi tumeigeuza: tunaona haya kupeleka kunde kwa jirani, tunasubiri siku ya pilau. Matokeo yake hatupeleki kabisa. Na jirani naye, kwa kuogopa kuonekana hana, anakopa.

Hata hapa msikitini. Mwaka huu naomba, anayeleta futari alete alichokipika nyumbani kwake. Muhogo wa kuchemsha unaliwa hapa, tena unaisha kabla ya tambi. Msafiri na mwanafunzi anayefuturu barazani hakuja kukagua sahani.

Kwa wanaume. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika anatoka kwenda kuswali. Kukuna nazi si jambo la kusubiri fatwa. Mama amefunga kama wewe, yuko mbele ya jiko saa kumi jioni, wewe umelala na simu, kisha unauliza mbona leo hakuna katlesi. Ukitaka vyakula tisa, ingia jikoni upike vinne.

Mwisho, kinamama wameuliza kuhusu kuonja chumvi hali mtu amefunga. Kuonja kwa haja ya kupika, kwa ncha ya ulimi kisha ukatema, hakuharibu saumu, imepokewa ruhusa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Bila haja ni makuruhu, na ukimeza kwa kusudi umefungua. Kwa hiyo onja mara moja, tema, sukutua, endelea na kazi.

Kunde za kesho zilowekwe usiku huu. Wabillahi tawfiq.