Dondoo Muhimu: Kutunza Pikipiki Kuukuu Inayopozwa kwa Hewa

Pikipiki nyingi zinazobeba watu na mizigo kati ya Kasongo, Salamabila na machimbo ya dhahabu ya Namoya, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hazina maji ya kupoza injini, bali hutegemea upepo unaopita kwenye mapezi, yaani vile vibati vyembamba vinavyoizunguka silinda.

1. Sugua mapezi kila baada ya safari ya matope, injini ikiwa imekwisha kupoa, kwa kuwa tope lililokauka hufungia joto ndani.
2. Acha petroli ya bidoni itulie katika chupa inayoonyesha, kwani maji huzama chini, kisha mimina ile ya juu kupitia kitambaa safi. Iliyochanganywa na mafuta ya taa ikataliwe kabisa, maana huifanya injini igonge na kuchemka.
3. Badilisha oili, usiongeze tu: kuongeza tu ndilo kosa linaloua injini nyingi, kwa sababu oili, mbali na kulainisha, huondoa joto pia, na ikichakaa hushindwa kazi zote mbili.
4. Usiondoe chujio la hewa. Vumbi husaga pistoni.
5. Zima injini unaposubiri abiria, kwani pikipiki iliyosimama haipati upepo.