Kufundisha Kanuni Inayorithiwa kwa Madaftari ya Msafara

Madhumuni. Wanafunzi wa madarasa ya juu waweze kueleza jinsi daftari lililogawanywa linavyorithi kanuni, na jinsi ya kufuatilia asili ya kanuni hiyo.

Utangulizi. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, mahali walipopaita Kazeh, palikuwa njia panda: misafara kutoka pwani iligawanyika, mingine ikielekea Ujiji, mingine Karagwe, mingine Ufipa. Mwalimu achore njia hizo ubaoni. Aeleze wazi kwamba zilipitisha watumwa pia. Zoezi hili lihesabu nguo, shanga na pembe tu, wala mwanadamu asifanywe mzigo.

Hatua ya kwanza. Mizigo iandikwe katika madaftari matatu, moja kwa kila njia. Daftari Kuu libebe kanuni tu: kila mzigo unapoandikwa, punje moja ya mahindi itiwe kibuyuni. Kila tawi linakili kanuni hiyo.

Hatua ya pili. Mwanafunzi wa Ufipa aache kuitumia nakala yake kwa siri. Hesabu ya punje haitalingana na madaftari. Darasa litafute kasoro, kisha lijiulize: kanuni ya tawi hili ni yake mwenyewe, au imerithiwa? Ili jibu lionekane, kila nakala iongezwe safu ya "Mzazi" yenye namba ya kanuni ya Daftari Kuu. Kanuni iliyozaliwa tawini iandikiwe sifuri.

Maelezo kwa mwalimu. Ndivyo ilivyo katika programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Tangu toleo la 11, la mwaka 2018, triga ya kila mstari ikiwekwa juu ya jedwali lililogawanywa hunakiliwa katika vigawanyo vyote, hata kitakachoongezwa baadaye. Toleo la 13, la mwaka 2020, liliongeza safu ya mzazi katika orodha ya triga. Sifuri humaanisha haikurithiwa. Nakala haifutiki peke yake, lakini yaweza kuzimwa katika kigawanyo kimoja. Kigawanyo kikitengwa, nakala huondolewa.

Tathmini. Wanafunzi wafungue daftari la njia ya nne na kutaja kanuni litakayorithi. Kisha wafikirie mahudhurio ya shule yenye mikondo mitatu, ambamo mtoto asipofika siku tatu mzazi hupelekewa habari. Kanuni ikizimwa katika mkondo mmoja, ni mtoto gani atakayepotea bila kuulizwa?