Samaki wa Matumbawe Sebuleni: Namna ya Kuwafuga na Kuwachunguza

Mtu azamiaye katika maji maangavu ya Watamu au Kisite huenda akaona jambo la ajabu. Chewa mkubwa husimama tuli mbele ya jabali la matumbawe, kinywa wazi na matamvua yamepanuliwa, na samaki mdogo wa buluu mwenye mstari mweusi ubavuni huingia kinywani humo, kisha akatokea kwenye matamvua akiwa mzima. Chewa angeweza kummeza mara moja, lakini hamgusi. Samaki huyo mdogo yu kazini: anakula vijidudu vinavyomnyonya mkubwa damu, pamoja na ngozi iliyokufa.

Msafishaji huyo ni wa jamaa kubwa ambayo wataalamu huiita Labridae, na Waingereza huiita wrasse. Hapa itatosha kuwaita labridi. Aina zao hupita 500, nao hupatikana toka maji baridi ya Uingereza hata miamba ya pwani ya Kenya. Mkubwa kupita wote hufikia urefu wa zaidi ya meta mbili, na wadogo hawazidi kidole cha mtu. Kwa sababu ya rangi zao, na kwa kuwa mchana kutwa hawatulii, watu wa miji mingi hupenda kuwafuga katika matangi ya kioo. Baadhi yao huvuliwa katika pwani ya Kenya na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani. Lakini wengi hufa mapema mno, na mara nyingi sababu si ugonjwa, ila ni kwamba mwenye tangi hakuzijua desturi za mgeni wake.

Kabla ya samaki, maji. Maji ya bahari yana chumvi ya kadiri ya gramu 35 katika kila lita, na joto liwafaalo labridi wa pwani zetu ni toka digrii 25 hata 27 za Selsiasi. Mkaaji wa Mombasa aweza kuteka maji baharini, mahali palipo mbali na mlango wa mto na mabomba ya taka, wakati maji yamejaa. Mkaaji wa Nairobi hana budi kuchanganya chumvi maalum ya bahari iuzwayo kwa kazi hiyo. Chumvi ya jikoni haifai kamwe, maana ni chumvi ya namna moja tu, na bahari ina namna nyingi. Maji ya mfereji kwanza yaondolewe dawa ya klorini. Tena usiku wa Nairobi una baridi, kwa hiyo chombo cha kupasha maji moto ni lazima, na pampu ya kuzungusha maji pia.

Hapo ndipo wengi huharakisha mambo. Siku ya kwanza hununua tangi, siku ya pili hununua samaki, na juma la pili hutupa mizoga. Mkojo na mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Katika tangi lililokomaa, bakteria wakaao juu ya mawe na mchangani huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, isiyodhuru upesi. Bakteria hao hawanunuliwi sokoni kama sukari. Huongezeka polepole, na kwa kawaida huchukua majuma manne hata sita. Katika muda huo tangi hukaa na mawe na mchanga bila samaki, na maji hupimwa mpaka amonia na naitraiti zisionekane tena. Baadaye kiasi cha sehemu moja katika kumi ya maji hubadilishwa kila juma. Tangi la lita 200 ni la kuanzia kwa labridi wadogo wawili watatu. Lililo dogo kuliko hilo huharibika maji upesi.

Sasa wageni wenyewe. Labridi wengi hawalali kama samaki wengine. Jua likituapo, wale wa namna ya Halichoeres na Coris huelekeza kichwa chini, wakatikisa mwili mara mbili tatu, wakazama mchangani wasionekane mpaka asubuhi. Kwa hiyo chini ya tangi hapana budi pawe na mchanga laini wenye kina cha sentimeta tano au zaidi. Kokoto kali zenye ncha huwachubua magamba, na jeraha huoza. Wengine, kama yule mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, huingia katika pango la jiwe na kujifunika ute unaomzunguka kama shuka nyembamba ya kioo. Mwenye tangi akiamka usiku na tochi aweza kuuona ute huo.

Mtu asiyejua desturi hii hupatwa na hofu siku ya kwanza. Amemtia samaki wake majini saa nne asubuhi, na saa tano haonekani. Hudhani amekufa na anaoza chini, akaanza kuuchimba mchanga kwa mkono. Samaki aliyekuwa amejificha ili apumzike hutimuliwa, hujigonga kwenye kioo, na mara nyingine hufa kweli kwa mshtuko. Kumbe labridi mgeni aweza kukaa mchangani siku mbili tatu, au hata zaidi, kisha akatoka mwenyewe. Wafugaji wa Marekani wameona pia kwamba samaki atokaye mbali huja na saa zake. Saa za Kenya hutangulia za New York kwa saa saba au nane, basi samaki wa Kenya aliyefikishwa huko huenda akalala adhuhuri na kuamka kabla ya mapambazuko, mpaka taa za tangi zitakapomfundisha mchana wa nchi ile.

Desturi ya pili ni kuruka. Labridi akiogopa hukimbilia juu, na tundu la upana wa vidole viwili kwenye kifuniko humtosha kutoka. Samaki wengi wazuri wameokotwa asubuhi sakafuni wakiwa wamekauka. Kifuniko cha wavu mwembamba, kilichobana pande zote hata pale waya zipitapo, ni cha bei ndogo kuliko samaki mmoja.

Katika kuchagua, macho humdanganya mnunuzi. Mtoto wa Coris wa pwani ya Afrika ni mzuri mno: mwekundu wa chungwa, na mgongoni ana madoa meupe yaliyozungushiwa weusi. Ana urefu wa sentimeta tano, na mnunuzi humwona kama ua. Baada ya muda rangi hiyo hupotea yote, samaki hukua kupita sentimeta 30, hupindua mawe akitafuta chakula, na kula kamba, kaa na konokono wote aliowekwa nao. Labridi mwenye mistari sita hakui hivyo, maana hapiti sentimeta kumi, lakini ana wivu wa ajabu. Akitangulia kuingia tangini, huhesabu kila pembe kuwa shamba lake, na agenize wapole hufukuzwa mpaka wakaacha kula. Mwenye hekima humtia yeye mwisho.

Chakula chao baharini ni wanyama wadogo: kamba wachanga, konokono, minyoo na mfano wa hao. Hula kidogo kidogo mchana kutwa, na tumbo lao halikuumbwa kuweka akiba. Mlo mmoja wa jioni, uwafaao samaki wengi wa maji matamu, huwakondesha labridi. Yafaa walishwe mara tatu kwa siku, kamba waliokatwakatwa vipande vidogo sana au nyama ya chaza, na mabaki yaondolewe. Samaki aliyebonyea tumbo na mgongo ukawa mwembamba nyuma ya kichwa ana njaa, hata kama anaogelea kwa furaha.

Jambo linalowafanya labridi wastahili kuchunguzwa hata na mtu asiyependa mapambo ni habari ya dume na jike. Katika aina nyingi za jamaa hii, samaki huanza maisha akiwa jike, na baadaye aweza kugeuka dume kamili. Mtaalamu D. R. Robertson alieleza jambo hilo mwaka 1972, baada ya kuwachunguza wasafishaji wa buluu katika matumbawe ya kisiwa cha Heron, Australia. Aliona kwamba dume mmoja hukaa na majike kadha wa kadha, nao wamepangwa kwa ukubwa: mkubwa humtawala amfuatiaye, na huyo humtawala wa chini yake. Dume akifa au akiondolewa, jike mkubwa hushika mahali pake. Baada ya saa chache tu huanza kuwatembelea wenziwe na kuwatisha kama dume, na katika muda wa majuma mawili hivi aweza kutoa mbegu za kiume. Hakuna aliyemwambia, kuondoka kwa mtawala ndiko kunakomgeuza.

Mambo ya namna hii yaweza kuonekana sebuleni. Mfugaji akiweka Halichoeres wawili wachanga wa aina moja, mmoja mkubwa kidogo, huenda baada ya miezi akaona yule mkubwa anapata rangi mpya kichwani na mapezini, naye mdogo abaki na zile za zamani. Daftari la tarehe na vipimo litamsaidia kuliko kumbukumbu. Lakini asithubutu kuweka pamoja madume mawili yaliyokwisha kamilika; katika kioo hakuna mahali pa kukimbilia, na atakayeshindwa atauawa.

Yabaki maneno ya msafishaji mwenyewe, maana ndiye apendwaye sana na wanunuzi, na ndiye asiyefaa kununuliwa na mwanafunzi wa kazi hii. Huko kisiwa cha Lizard, Australia, mtaalamu Alexandra Grutter alipata kwamba msafishaji mmoja hula vijidudu kiasi cha 1,200 kwa siku. Tangi la nyumbani lenye samaki sita wenye afya halina vijidudu hivyo. Msafishaji huwazunguka wale sita asubuhi na jioni, akawadonoa mpaka wakachoka naye. Asipojifunza kula chakula kingine, hukonda na kufa. Wachache hujifunza, hasa katika matangi makubwa ya maonyesho yenye samaki wengi. Mnunuzi asipomwona kwa macho yake anakula kamba dukani, na amwache.

Tena yuko wa kufanana naye. Samaki mwingine, Aspidontus taeniatus, asiye wa jamaa hii kabisa, ana buluu ileile na mstari uleule, lakini badala ya kusafisha aweza kung'ata vipande vya mapezi. Kinywa humtambulisha: cha mwizi kiko chini ya pua iliyochongoka, na cha msafishaji wa kweli kiko mbele.

Hasara ya kumwondoa msafishaji haiishii kwake. Wataalamu waliwaondoa wasafishaji katika matumbawe kadhaa madogo huko Lizard kwa miaka minane na nusu, na mwaka 2011 wakatangaza matokeo: samaki wakaao hapo walikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko mahali walipoachwa wasafishaji, na aina zao pia zilikuwa chache zaidi. Mvuvi wa Shimoni au Kilifi atakuwa na maoni yake juu ya hesabu hiyo, kwa kuwa samaki wa chungu chake ni wale wale waendao kusafishwa. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuvua samaki wa namna yoyote ni marufuku.

Mfugaji apatapo mgeni wa kumtia katika tangi lenye labridi mwenye wivu, iko hila moja rahisi. Kioo cha kujitazamia huwekwa nje ya tangi, upande ulio mbali na mgeni. Mwenyeji humwona adui mpya, humkabili saa nzima kwa mapezi yaliyosimama, na mgeni hupata nafasi ya kutafuta pango lake. Kioo kisiachwe siku nyingi, maana mwenyeji atachoka bure.

Wasafishaji wa buluu walipowekewa kioo namna hiyo na wataalamu wa chuo kikuu cha mji wa Osaka, Japani, walipigana na sura zao siku za kwanza, kisha wakaacha, wakaanza kuogelea kwa mikao isiyo ya kawaida mbele ya kioo, hata juu chini. Baadaye walitiwa alama ya rangi ya kahawia kooni, mahali wasipoweza kupaona bila kioo, mfano wa kijidudu. Katika samaki wanne waliotiwa alama hiyo, watatu walikwenda wakajisugua koo, na kioo kilipoondolewa hawakujisugua. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2019, na wataalamu wangali wakibishana juu ya maana yake.