Chakula cha Wote, Ugonjwa wa Mmoja

Mama amepika sombe na karanga zilizotwangwa. Watu wote wa nyumba wanakula na kushiba. Lakini mtoto wa miaka mitatu, kabla ya kumaliza tonge la tatu, anaanza kujikuna. Midomo yake inavimba. Ngozi inatoka mabaka kama ya upupu. Anatapika, anakohoa, na pumzi yake inalia kama filimbi. Ndipo bibi mmoja anasema kwa sauti ya chini, «Mtoto amepewa sumu.» Na macho ya wote yanamgeukia mwanamke fulani.

Msomaji, labda umeona jambo hili kwenu. Tufikiri pamoja. Kama sumu ilikuwa chunguni, mbona wengine wote waliokula ni wazima? Muhogo mchungu usiolowekwa vema huwadhuru wengi wa waliokula. Samaki aliyeachwa juani mchana kutwa anaweza kuwasha ngozi na kuufanya uso kuwa mwekundu, lakini naye hamchagui mtu mmoja. Hapa chakula ni chema, na ameugua mmoja tu. Ugonjwa huu unaitwa alerji, au mzio. Chanzo chake kimo ndani ya damu ya mtoto mwenyewe.

Tunajuaje? Mwaka 1921, huko Ujerumani, waganga wawili walijaribu jambo. Mmoja, Heinz Küstner, hakuweza kula samaki aliyepikwa bila kuugua. Mwenziwe, Carl Prausnitz, alikula samaki bila taabu. Prausnitz akachukua maji ya damu ya Küstner, akajidunga kidogo katika ngozi ya tumbo lake. Siku ya pili akajidunga maji ya samaki mahali pale pale. Mara ngozi ikavimba na kuwasha. Basi ugonjwa ulikuwa umesafiri katika damu. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikitambua kitu chenyewe, nacho kinaitwa IgE. Ni kama askari wa mwili ambaye kazi yake njema ni kupigana na minyoo, lakini kwa watu wengine anaiona karanga kama adui, naye anachoma nyumba anayoilinda.

Kama umemdhania jirani yako mabaya kwa jambo la namna hii, nenda ukamwombe radhi leo, jua lisichwe.

Sasa, ufanye nini saa ile ya hatari? Mlaze mtoto chali, uinue miguu yake. Kama anashindwa kupumua, aketi akiegemea. Usimsimamishe wala kumtembeza, hata akisema ana nafuu. Wengine wamekufa kwa kusimama tu, kwa maana damu inashuka ghafula na moyo unakosa. Kwa hiyo usimbebe mgongoni kama desturi yetu. Mbebe mikononi akiwa amelala. Usimnyweshe mafuta ya mawese wala maziwa, wala usimtapishe kwa kidole, maana vitu hivi vinaweza kuingia katika mapafu. Mpeleke upesi kwa munganga.

Dawa ya kwanza ni adrenalini. Munganga ataidunga katika nyama ya paja, upande wa nje. Kwa mtu mzima ni nusu ya miligramu, yaani nusu ya ampuli ya miligramu 1. Kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake. Asipopata nafuu kwa dakika 5, atadungwa tena. Vidonge vya kuondoa mwasho hutuliza ngozi tu. Haviwezi kufungua koo lililofunga. Tena ukiambiwa mkae hospitali saa kadhaa wakati mtoto anacheza tayari, usikasirike. Ugonjwa huu unaweza kurudi siku ile ile, hata bila kula tena.

Baadaye munganga atakuuliza maswali mengi: alikula nini, kiasi gani, dakika ngapi zilipita. Maswali haya yana faida kuliko kipimo cha damu peke yake. Mtu mwenye minyoo anaweza kuonyesha alerji katika kipimo, kumbe anakula karanga kila siku bila shida.

Usichanganye alerji na mwiko. Wazee wengine walimkataza mwanamke mayai; hiyo si alerji. Na mama mwingine, kwa hofu, anaondoa karanga, na samaki, na mayai, na maharagi pia. Mtoto wake haumwi alerji tena, anaumwa bwaki. Uondoe kile kimoja kinachomdhuru, mengine ale. Kama ni maziwa ya ng'ombe, usimpe ya mbuzi badala yake, kwa maana yanafanana sana. Watoto wengi hupona alerji ya maziwa na ya mayai wakikua. Ya karanga hupona kwa wachache, kama mtoto mmoja katika watano.

Katika kuzuia ugonjwa huu, waganga wenyewe walikosea. Mwaka 2000 wakubwa wa tiba ya watoto huko Marekani walishauri kwamba mtoto wa jamaa yenye alerji asipewe karanga mpaka miaka mitatu. Mwaka 2008 waliacha shauri hilo. Kisha mwaka 2015 matokeo ya kazi iliyofanywa London yalitangazwa. Watoto wachanga 640, wenye ukurutu mkali au alerji ya mayai, waligawanywa: wengine walilishwa karanga, wengine walizuiwa. Walipofika miaka mitano, katika kila 100 waliozuiwa, kama 17 walikuwa na alerji ya karanga. Katika waliolishwa, 3 tu. Kwa hiyo mama, mnyonyeshe maziwa yako tu mpaka miezi sita, kisha utie karanga zilizosagwa katika uji wake. Karanga nzima usimpe, itamkaba. Lakini mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kuvimba kwa chakula, aonwe na munganga kwanza.

Dawa mpya ziko. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu dawa ya unga wa karanga, inayoongezwa kidogo kidogo chini ya macho ya waganga. Mwaka 2024 iliruhusu omalizumabu, sindano inayoikamata IgE. Katika jaribio, wagonjwa kama 67 katika 100 waliweza kula karanga mbili au tatu bila kudhurika, na kwa wasiopata dawa 7 tu. Mwaka ule ule iliruhusu adrenalini ya kupuliza puani. Bei ya dawa hizi ni kubwa mno. Wala usijaribu mwenyewe kumzoeza mtoto nyumbani. Hata penye waganga na adrenalini mezani, watoto wengine huugua.

Nyumbani, umpikie sombe yake kwanza, kwa mawese, kabla ya kutia karanga katika chungu cha wengine. Mwiko wa kupikia usitoke chungu kimoja kuingia kingine. Kwenye arusi na matanga mtoto ale chakula kilichotoka nyumbani. Na akikonda, akapelekwa kwenye kituo cha lishe, mwambie mlezi mapema: ile lishe laini ya pakiti, wanayopewa watoto wenye bwaki, kwa kawaida ina karanga na maziwa ndani yake. Omba jambo hili liandikwe kwa wino mwekundu juu ya karatasi yake ya kupimia uzito.