Pointi za mume wangu zimetuletea ugomvi

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sharjah na mume wangu. Mimi ni wa Mombasa, yeye ni wa Tanga. Kazi yake ni kukagua mitambo ya mafuta, na kwa miaka mingi amelala hotelini Dammam, Baku na kwingineko kuliko alivyolala nyumbani. Pointi zote za hoteli ziko kwa jina lake: za Hilton zimepita nusu milioni, za Hyatt ni 120,000. Mwakani ndoa yetu inatimiza miaka 15 na anataka twende Maldivi, mimi na yeye, anasema ni bure.*

*Tangu Ramadhani imalizike, kila usiku yuko kwenye simu analinganisha. Leo Conrad ya Rangali, kesho Park Hyatt ya Hadahaa, keshokutwa Waldorf Astoria. Mara nyumba ya juu ya maji, mara ya mchangani. Nikitia neno ananiambia sielewi hesabu. Mama yangu amesikia, akaniuliza iweje ndugu zangu wahangaike na ada za shule huku mimi naenda kulala juu ya maji. Moyo wangu mwenyewe uko Zanzibar, tukakutane na mama zetu wote wawili na watoto wawaone bibi zao. Nimechoka, Shangazi. Nimwambie nini?*

*Mama Wawili, Sharjah*

Mwanangu,

Nianze na hilo la kwamba huelewi hesabu, maana ndilo lililoniudhi. Mumeo alipolala Baku, wewe ulibaki Sharjah na watoto, na homa zao, na vikao vya shule. Hoteli imemwandikia yeye pointi kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa pale mapokezi, lakini usiku ule mliutoa wawili. Mwambie hivyo, tena asubuhi mkinywa chai, si saa sita za usiku akiwa amekodolea simu. Na ukishasema usiishie hapo. Ingia kwenye hiyo hesabu yenyewe, mkae nayo pamoja.

Kwanza mliangalie hilo neno lake la bure. Pointi hulipa chumba, hazilipi njia ya kufika chumbani. Kule Maldivi hoteli za aina hii huwa kila moja na kisiwa chake, na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Velana, pale Malé, mnaupanga kupitia hoteli kwa bei yake. Rangali iko atoli ya Ari Kusini, kama nusu saa kwa ndege ya majini, na nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi huvuka dola 500 bila shida. Hadahaa iko mbali zaidi, kusini kabisa katika atoli ya Huvadhoo, si mbali na ikweta: mnapanda ndege ya ndani karibu saa nzima hadi Kooddoo, kisha boti ya kasi nusu saa nyingine. Hiyo nayo ni mamia ya dola. Waldorf ya Ithaafushi, ambayo sawa na Conrad ni ya Hilton, ni karibu, mnafika kwa boti chini ya saa moja, ila ukaribu huo haushushi bei, na pointi zake ni 150,000 kwa usiku au zaidi. Nusu milioni yenu haitawafikisha hata usiku wa nne. Hiyo ningeifuta leo.

Kisha kuna kodi ya kijani. Tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kichwa kwa kila usiku, na anayelala kwa pointi anailipa sawa na anayelala kwa pesa. Na chakula: juu ya bei ya menyu huongezwa asilimia 10 ya huduma, halafu kodi ya utalii ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Mlo ulioandikwa dola 100 unatoka kwenye bili ukiwa karibu dola 129. Wala hamna mgahawa wa jirani wa kukimbilia, kisiwa kizima ni hoteli. Mkijumlisha tiketi za ndege kutoka Dubai, ndege ya majini na milo ya jioni ya siku tano, msishangae hiyo safari ya bure ikivuka dola 3,000 taslimu. Hizo 3,000 ndizo mnazopaswa kuzijadili wewe na yeye.

Na hapo ndipo swali la mama yako lina jibu. Pointi haziwezi kulipa ada ya mtoto wa mtu. Ukizigeuza vocha au bidhaa, thamani yake huyeyuka, kwa hiyo hakuna mdogo wako anayenyimwa kalamu kwa sababu ninyi mmelala Rangali. Lakini dola taslimu zinaweza kulipa ada, na juu ya hizo mama yako ana haki ya kuuliza. Kama mna desturi ya kutuma nyumbani kila muhula, tumeni kwanza, halafu mtazame kilichobaki kama kinatosha safari. Mwambie mama hivyo hivyo, bila kuficha. Wazazi wetu huumia zaidi wakihisi wamefichwa kuliko wakiambiwa ukweli kwamba mtoto wao naye anapumzika.

Sasa tulinganishe. Nikitazama akiba yenu, wa kupambanishwa ni wawili tu, Conrad na Park Hyatt.

Hadahaa ni kisiwa kidogo, kimya, na uzuri wake uko chini ya maji. Matumbawe yanaanza hatua chache tu kutoka ufukweni, mtu anavaa miwani yake ya kupigia mbizi akazunguka na samaki bila kupanda boti yoyote. Kwa mpenda bahari ni mahali pa kumpeleka akasahau kurudi. Hyatt pia bado inachapisha jedwali la pointi zake kwa madaraja, na Hadahaa kwa msimu wa kawaida imekuwa 30,000 kwa usiku. Za kwenu zinatosha siku nne. Ila kwa Hyatt kifungua kinywa cha bure ni cha wenye daraja la Globalist, na mumeo kwa pointi hizo chache sidhani amefika huko. Kila asubuhi mtalipa.

Conrad ni mambo mengine. Ni visiwa viwili, Rangali na Rangalifinolhu, vimeunganishwa kwa daraja refu la mbao, kimoja cha zogo na familia, kingine cha utulivu. Migahawa ni mingi, ukiwamo ule wa Ithaa uliofunguliwa 2005, mita tano chini ya bahari, kuta na paa la akriliki angavu, samaki aina ya taa wakipita juu ya sahani yako. Bei yake ni ya kutazamwa mara mbili. Nje ya hapo bahari ya Ari Kusini ni maarufu kwa papa potwe, yuleyule anayefuatwa na watalii kisiwani Mafia, tofauti ni kwamba kule huonekana karibu mwaka mzima.

Kwa pointi, Conrad iliwahi kuomba 95,000 kwa usiku, ikapanda mpaka 120,000, na Hilton tangu 2017 haichapishi jedwali, kwa hiyo inaweza kupandisha tena pasipo kumwambia mtu. Lakini ina jambo moja zuri. Mwanachama wa daraja la Silver kwenda juu akiweka usiku tano mfululizo, zote kwa pointi na kwa chumba cha kawaida, wa tano halipi. Mkiikuta kwa 120,000, siku tano ni pointi 480,000. Na mumeo kwa jinsi anavyolala kwao bila shaka yuko Gold au Diamond, kwa hiyo kifungua kinywa chenu wawili ni bure. Mkikaa mezani muombe mas huni: jodari aliyechambuliwa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, na chapati nyembamba waiitayo roshi. Utahisi uko kwenu.

Mkazo hapo uko kwenye chumba cha kawaida. Vyumba hivyo vikiisha, programu itamwonyesha vya daraja la juu kwa mamia ya maelfu ya pointi kwa usiku mmoja. Asibonyeze, hata kama ndiyo siku yenyewe ya ndoa. Bora msogeze tarehe.

Chumba cha kawaida Rangali ni nyumba ya ufukweni. Zile nyumba za juu ya maji anazokuonyesha picha zake ni za kuongezea, ama pesa ama pointi. Nami nasema chukueni ya mchangani. Ina kivuli cha miti, bafu lake liko wazi juu na limezungushiwa ukuta, na usiku unatoka mlangoni unakanyaga mchanga. Nyongeza ya kuhamia majini huhesabiwa kwa kila usiku, na kwa siku tano inaweza kushinda nauli ya ndege ya majini. Hoja moja tu ningeipa uzito: kama unajisitiri na unataka kuogelea bila kupita mbele za watu, ngazi inayoshuka moja kwa moja kutoka kibarazani kwako hadi baharini ni faraja kubwa. Likiwa hilo ni muhimu kwako, mwambie mumeo wazi, na mlipie usiku mmoja au miwili.

Kuhusu wakati, wewe ni mtoto wa Mombasa, hili huhitaji kufundishwa. Kaskazi inayovuma kwetu kuanzia Desemba hadi Machi ndiyo hiyohiyo inayokausha anga la Maldivi, bahari ikalala na maji yakawa maangavu. Kusi ikiingia, sisi pwani tunapata baridi na siku nzuri za Julai, wao wanapata mvua na mawimbi. Likizo ndefu za shule huko Imarati huangukia katikati ya kusi, na ni wakati huo nafasi za pointi hupatikana kirahisi. Mumeo asidanganyike na urahisi huo. Sikukuu za mwisho wa mwaka nazo achaneni nazo. Tafuteni mwisho wa Januari au Februari, na mwanzoni mwa Novemba iwe akiba.

Tena ndege za majini huruka mchana tu. Mkitua Malé alasiri imekwenda, mtalala mjini kwa gharama yenu na usiku mmoja wa pointi umepotea. Chukueni ndege ya usiku wa manane kutoka Dubai, ni kama saa nne hivi, mfike asubuhi. Fungasheni kidogo: kilo 20 za sanduku na 5 za mkononi, zaidi ya hapo mnalipia. Ile ndege ina viti kumi na kitu, kelele nyingi, marubani mara nyingi wako peku, na inaruka chini kiasi cha kuona rangi ya kila mwamba. Hata kama kila kitu kingine kingepunguzwa, hiyo nusu saa naitaka muipate.

Na Zanzibar yako? Hapo ndipo nimefurahi nilipoona kuna akiba mbili. Pointi za Hilton haziwezi kuwa za Hyatt wala za Hyatt kuwa za Hilton, kwa hiyo kutumia hizi hakuli zile. Park Hyatt ya Zanzibar iko Shangani, katika jengo la zamani la Mambo Msiige, bahari mbele na Forodhani ni mwendo wa miguu. Huomba pointi chache kuliko Hadahaa, kwa hiyo zile 120,000 zinaweza kuwapa vyumba viwili kwa siku kadhaa, mama zenu kimoja, ninyi na watoto kingine, ila ulizeni kwanza idadi ya watu wanaoruhusiwa chumba kimoja. Hakuna ndege ya majini, na chakula kizuri kiko nje ya mlango. Mama wa Tanga na mama wa Mombasa wote wanafika bila safari ya kuwachosha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Hilton kwa Rangali, ninyi wawili peke yenu, Hyatt kwa Zanzibar, ukoo mzima. Najua moyo wako uko kwa mama zenu, lakini ile ya wawili usiikatae. Miaka yote hiyo umeishi na mume wa kupokea uwanjani na kusindikiza uwanjani, nawe unastahili siku tano akiwa mbele yako, simu ikiwa ndani ya sanduku. Rangali itangulie kwa sababu bei yake ndiyo isiyotabirika. Zanzibar iwe likizo ya Julai, kusi ikiwa imepoza mji. Kama mfuko hautoshi zote mwaka mmoja, Zanzibar isogee mwaka unaofuata. Pointi za Hyatt hazifi mpaka ipite miezi 24 bila kuguswa, na kabla ya hapo usiku mmoja wa kazi wa mumeo katika hoteli ya Hyatt unatosha kuzihuisha.

Fungua nawe akaunti yako ya Hilton wiki hii. Kujiunga hakulipiwi, na wanaruhusu wanachama kuchangia pointi pamoja bila ada, akuhamishie zitakazobaki baada ya Rangali zikae kwa jina lako. Halafu wekeni nafasi ya Rangali mara tarehe ya kaskazi itakapopatikana, hata kabla hamjamaliza kubishana, kwa kuwa mkiifuta mapema pointi hurudi zote. Someni tu siku ya mwisho ya kufuta, maana kule huweza kuwa mwezi mzima kabla ya safari au zaidi. Na kabla hamjabonyeza, iandikieni hoteli barua pepe muulize nauli kamili ya ndege ya majini kwa watu wawili, kodi ikiwa ndani. Iandike wewe, kwa jina lako.