Dondoo muhimu: Dalili za disleksia

Mtoto anasimulia hadithi vizuri, lakini akifungua kitabu anakwama? Usimwite mvivu; huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Msikilize akisoma: "kalamu" inakuwa "kamalu", b inageuka d, silabi ya mwisho inaachwa. Kugeuza herufi ni kawaida hadi miaka 7 hivi. Hali ikiendelea baada ya hapo, chukua hatua.

Kwa mtu mzima dalili hujificha. Anakwepa kusoma mbele ya watu, anapenda kutuma sauti kuliko kuandika, fomu ya benki inamtoa jasho. Disleksia hurithiwa mara nyingi, kwa hiyo mzazi naye ajitazame.

Anza kwa kupima macho na masikio. Nchini Kenya, vituo vya tathmini ya kielimu (EARC) humpima mtoto mwenye ugumu wa kujifunza. Mwalimu, tafadhali usimchape mtoto kwa kusoma polepole.